Aliyoyasema Bibi Chini ya Lengai

Siku ya tatu baada ya kumzika Baba Upendo, tulikuwa wanawake sita kwenye jiko la nyuma la nyumba yake huko Poli, tukimenya ndizi za chakula cha waombolezaji. Jiko lile ni la mabanzi, linajaa moshi hata milango yote miwili ikiwa wazi, na nje yake migomba inaanzia palepale ukutani na kupanda na Mlima Meru mpaka macho yanachoka. Vidole vyetu vilishakuwa vyeusi kwa utomvu. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida ya msibani: nani amekuja, nani hajaonekana, mchungaji amehubiri muda mrefu mno. Kisha mama mmoja jirani, ambaye alikuwa na nia njema tu ya kumkumbuka marehemu, akasema, "Lakini alikuwa mbishi, jamani. Lile jicho lake si lilikwenda kwa ubishi? Aliambiwa na Wamasai kabisa asivuke korongo, yeye akavuka." Mwingine akaitikia, "Wanaume wa hivyo hawaambiwi." Wakacheka kidogo, kicheko cha kumpenda. Mimi nilikuwa na ndizi mkononi nimeimenya nusu. "Aliyeambiwa ni mimi," nikasema.

Upendo, binti yake wa kwanza, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Jioni, wageni walipopungua, alinivuta mpaka kwenye ua wa ng'ombe akaniambia, "Shangazi Nembris, baba hakuwahi kutusimulia. Kila tukimuuliza anasema, muulizeni Nembris. Na sisi tuliona aibu kukuuliza." Nikamwambia nitamsimulia siku yoyote anayotaka. Akatikisa kichwa. "Usinisimulie. Andika. Ukisimulia utanihurumia. Na tafadhali, baba usimpambe, na wewe usijipambe." Ndiyo maana naandika haya, na ndiyo maana naanza na chumba changu cha Engutoto, mjini Arusha, badala ya kuanza na mlima, kwa sababu ukweli ni kwamba yaliyotokea mlimani yaliandaliwa chumbani mle, na kwenye jiko la ofisi ya Usa River, wiki nyingi kabla.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kitanda, jiko la mafuta ya taa, na kioo nilichokiegemeza ukutani ili nijione mwili mzima, kwa maana nilitamani sana kujiona nimevaa shati la kaki la waongoza watalii. Shati lenyewe sikuwa nalo. Nilikuwa mpishi msaidizi kwenye kampuni ndogo ya utalii ya mama mmoja wa Kichaga tuliyemwita Mama Glory, na kazi yangu ilikuwa kuandaa maboksi ya chakula cha mchana cha wageni: paja la kuku, mayai mawili ya kuchemsha, chapati, ndizi mbivu, juisi ya pakiti. Niliyafunga kuanzia saa kumi na moja alfajiri, nikayapanga kwenye magari, nikasimama getini nikiyatazama magari yanaondoka. Waongozaji wote walikuwa wanaume. Walikuwa wananitania, "Nembris, leo umewapa wageni mayai au mawe?" nami nacheka, lakini nikirudi Engutoto jioni nilisimama mbele ya kioo nikijifunza kwa sauti: karibuni sana, mnaowaona kushoto ni nyumbu.

Mwaka ule ardhi ilikuwa haitulii. Mlima Lengai, ule wa upande wa Ziwa Natron ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, ulikuwa umeamka, na mitetemo yake ilifika mpaka mjini Arusha. Mchana mmoja nilikuwa nakula ugali chumbani, sahani ikaanza kutembea yenyewe juu ya meza. Majirani walikimbilia uani, mmoja na povu la sabuni kichwani. Nikawasikia kupitia dirishani wakibishana kama ni Lengai au ni Meru wenyewe unataka kuamka. "Meru umelala," sauti moja ilisema. "Hata aliyelala anageuka," nyingine ikajibu, na wote wakacheka kwa woga. Mimi sikutoka. Nilishika sahani yangu kwa mikono miwili nikasubiri ipite, na nakumbuka nilichowaza: kwamba wageni sasa watataka kwenda kuuona mlima ukitoa moshi, na kwamba huko wanazungumza Kimaa, na kwenye kampuni nzima anayekijua Kimaa ni mimi peke yangu, kwa kuwa ni Mwarusha na sisi Waarusha ndiyo lugha yetu.

Nilikuwa sahihi. Wiki chache baadaye, nikiwa nachemsha mayai, nilisikia mazungumzo kwenye ofisi ambayo ilitenganishwa na jiko kwa plaiwudi tu. Mama Glory alikuwa na Baba Upendo, mwongozaji wetu mkubwa, mtu mtulivu aliyekuwa akila chakula chake amesimama. Wakati ule alikuwa na macho mawili. "Yule mwenyeji wetu wa kule simu yake haipatikani," Baba Upendo alisema. "Nasikia amehamisha ng'ombe wake. Mtu hahamishi ng'ombe bila sababu, Mama Glory." Mama Glory akajibu, "Wenzetu wote wanapeleka watu. Asubuhi wanakwenda, jioni wanarudi, hawapandi juu, wanaishia kwenye bega la mlima wanapiga picha. Mchukue Nembris akutafsirie." Baba Upendo akasema, "Nembris ni mtu wa jikoni." Na Mama Glory, ambaye nitamsema vibaya hapa na pale lakini hili lazima nimpe, akasema, "Nembris ana akili kuliko nusu ya vijana wako. Akienda akarudi wageni wamefurahi, nampa shati." Nilisimama pale mayai yakichemka mpaka yakapasuka.

Wageni walikuwa wawili, mama na binti yake. Binti aliitwa Aneth, alifanya kazi benki mjini Arusha. Mama yake, Mwalimu Sekela, alikuwa ametoka Tukuyu, amestaafu mwezi uliopita, na safari hii ilikuwa zawadi ya Aneth kwake. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, raba mpya nyeupe miguuni, na kofia ya jua iliyofungwa kwa kamba chini ya kidevu. Tuliondoka kabla hakujapambazuka, na tulipokuwa tunakaribia Mto wa Mbu alishatufundisha darasa zima. "Volkano hai, volkano zilizolala, volkano zilizokufa," alisema akihesabu kwa vidole. "Nimezichora ubaoni miaka thelathini na minne. Hai nilikuwa nachora na moshi, kwa chaki nyeupe. Kila mwaka mtoto mmoja ananiuliza, mwalimu, wewe umeiona? Nasema sijaiona. Leo nitaiona." Baba Upendo akamtazama kwenye kioo cha ndani akatabasamu. Nilimpenda mwalimu yule. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani unamdanganya usiyempenda. Mimi nilimpenda kiasi kwamba sikuweza kuvumilia wazo la yeye kurudi bila kuuona mlima karibu, na nililichanganya wazo hilo na lile la shati mpaka sikujua lipi ni lipi.

Baada ya Engaruka barabara ikawa vumbi jeupe, kisha vumbi la kijivu. Lengai ulitokea ghafla upande wa kushoto, umechongoka kama faneli iliyopinduliwa, na juu yake moshi. Aneth akapiga kelele ya furaha. Mwalimu hakupiga kelele. Alifungua kioo cha gari akatoa kichwa nje, akautazama muda mrefu, halafu akasema polepole, kama anamsahihisha mtu, "Si mweupe." Baba Upendo akapunguza mwendo. Na kweli moshi ulikuwa na weusi chini yake.

Pale kampuni ilipozoea kuegesha magari kulikuwa na boma, na watu wa boma walikuwa wanahama. Punda walikuwa wameshafungwa ngozi na vibuyu. Bibi mmoja mzee, mrefu, alikuwa anasimamia kazi ile akiwa na fimbo mkononi. Nikamwendea nikainama. "Koko, takwenya," nikamwamkia. "Iko," akaitika, akaweka kiganja chake kichwani kwangu, na bila kuniuliza natoka wapi akaanza kusema. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa maana sijayasahau hata moja. Alisema: "Mlima umebadilisha sauti. Tangu juzi ardhi inanguruma chini ya mbuzi na hawalali. Moshi ulikuwa mweupe, sasa ni mweusi. Sisi tunaondoka kabla jua halijasimama utosini. Waambie watu wako wasivuke korongo lile. Ng'ambo yake hakuna mtu wala ng'ombe, tumewatoa wote jana. Anayevuka leo anavuka peke yake." Na aliposema korongo aliinyoosha fimbo yake kuelekea huko.

Niligeuka. Baba Upendo alikuwa hatua tatu nyuma yangu, begi la maji begani. Mwalimu na Aneth walikuwa wamesogea. "Anasemaje?" Baba Upendo akauliza. Nikasema, "Anasema mlima una kelele siku hizi, na wao wanahamia kwenye malisho mengine. Anatutakia safari njema."

Mwalimu Sekela alinitazama kama walimu wanavyomtazama mtoto aliyejibu haraka mno. "Amesema maneno mengi, binti. Wewe umenipa machache."

"Kimaa ni kirefu, mwalimu."

"Na kule alikoonyesha kwa fimbo?"

"Anatuonyesha njia."

"Muulize kwa ajili yangu," akasema, "kama yeye angekwenda."

Nikamgeukia bibi. Angeweza kunisaidia kama ningemuuliza kweli. Badala yake nikamuuliza kwa Kimaa punda wake ni wangapi, naye akanishangaa, akanijibu kwamba ni sita. Nikamgeukia mwalimu nikasema, "Anasema hakuna shida." Baba Upendo alinitazama usoni. Alinitazama kwa muda ambao leo naweza kuuhesabu, pumzi tatu au nne. Kisha akaliweka begi vizuri begani, akasema, "Haya. Tusichelewe," na akaanza kutembea kuelekea korongoni.

Korongo lilikuwa pana, kina chake kama nyumba, halina maji, kingo zake ni majivu makavu yanayomomonyoka ukiyakanyaga. Tulishuka kwa kushikana mikono, tukapanda ng'ambo. Hakukuwa na mtu, hakukuwa na mnyama, hata kinyesi cha mbuzi kilikuwa cha zamani. Tulitembea karibu saa nzima, mteremko ukizidi kuwa mkali, mwalimu akipumzika kila baada ya muda na kuokota kijiwe, anakigeuza, anakiweka mfukoni. Mimi nilikuwa natembea wa mwisho, na kitu cha kwanza nilichokisikia sikukisikia kwa masikio. Kilikuja kwa nyayo. Nilidhani ni miguu inatetemeka kwa kuchoka. Nikamwona Baba Upendo mbele amesimama, ametanua mikono kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Tunarudi," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Msikimbie, ila msisimame."

Hatukufika hata nusu ya njia. Mlima ulitoa sauti kama ya lori linalomwaga mawe, lakini sauti haikwisha, iliendelea na kuendelea, na moshi ukapanda mweusi, mnene, ukajikunja juu yetu kama koliflawa. Mchana ukawa na rangi ya jioni. Kisha majivu yakaanza kushuka. Majivu ya Lengai si kama ya jikoni. Yana magadi. Yakigusa jasho yanauma, yakiingia machoni yanachoma kama sabuni ya kufulia, na mdomoni yana ladha ya chumvi chungu. "Fungeni nguo usoni!" Baba Upendo alipiga kelele. Mawe madogo yalikuwa yanaanguka huku na huku, puf, puf, kwenye vumbi. Tulipofika ukingo wa korongo, Aneth alikuwa amenishika mkono, mwalimu na Baba Upendo nyuma yetu. Tukateremka mimi na Aneth tukiserereka kwa makalio. Nikasikia ukingo ukimomonyoka nyuma yetu, na mlio mfupi, mkavu, halafu sauti ya Mwalimu Sekela ikiita, "Binti!" Hakusema Aneth. Alisema binti, na kutwa nzima aliyekuwa anaitwa binti ni mimi. Sikugeuka. Funguo za gari alizozirusha Baba Upendo zikaangukia miguuni pangu, nikaziokota, nikamburuza Aneth aliyekuwa analia na kutaka kurudi, nikapanda ng'ambo, nikakimbia.

Tulikaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, majivu yanajaa kwenye kioo cha mbele mpaka hatuoni nje. Boma lilishakuwa tupu. Aneth alikuwa anapiga dashibodi kwa ngumi na kusema, "Mama, mama, mama," bila kupumzika. Mimi nilikuwa nimekaa na boksi la chakula mapajani, sijui nililichukua saa ngapi, na nilikuwa nimelikumbatia. Nilijua kitu kimoja tu: kwamba nikifungua mdomo, maneno ya bibi yatatoka. Basi nikaufunga. Ilipita nusu saa, labda zaidi. Kisha kukawa na kishindo kwenye mlango wa nyuma, Aneth akaufungua, na pale alisimama mtu mweupe kutoka nywele mpaka viatu, amebeba mgongoni mtu mwingine mweupe. Mwalimu alikuwa amevaa miwani ya jua ya Baba Upendo, na kichwa chake chote kimefungwa shati la kaki la Baba Upendo. Yeye Baba Upendo alikuwa na fulana tu, hana chochote usoni. Jicho lake la kulia lilikuwa limefumba na linatiririka, na la kushoto lilikuwa jekundu kama nyama. "Mguu wake umevunjika," akasema. "Nani anajua kuendesha?" Aneth ndiye aliyetuendesha mpaka zahanati ya kwanza, huku mimi nikimwagia Baba Upendo maji machoni, chupa baada ya chupa. Hakupiga kelele hata mara moja. Mwalimu alikuwa anautazama mlima kwa kioo cha nyuma, na mfukoni mawe yake yakigongana kila gari linaporuka.

Jicho la kulia halikupona. Kwenye kikao cha ofisini, Baba Upendo akiwa na bandeji, Mama Glory alimuuliza mbele yangu kama wenyeji walikuwa wamewaonya. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Baba Upendo akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa safari. Nilitazama moshi nikaona weusi, nikaendelea. Kosa ni langu." Akaachishwa kazi wiki ileile. Na mimi, kwa kuwa nilimrudisha Aneth salama kwenye gari, na kwa kuwa Aneth mwenyewe alinisifu, nilipewa shati. Lilinikaa vizuri kabisa. Nilisimama nalo mbele ya kioo kule Engutoto, na nilijitazama kwa muda mfupi tu. Kwa wiki saba niliwapeleka wageni mbugani nikiwa nimevaa shati lile, nikiwaonyesha nyumbu kushoto, na usiku sikuwa nalala.

Mtu ataniuliza ni nini kilichonipeleka Poli. Ningependa kusema dhamiri. Ilikuwa ni kwamba mgeni mmoja aliniuliza mbugani, mtu wa kawaida tu, "Pale mbele ni salama?" na nikagundua kwamba siwezi kujibu. Jumapili baada ya ibada nikapanda kwenda kwa Baba Upendo. Alikuwa ameketi kibarazani, anachambua kahawa kwenye ungo kwa kugusa, uso ameuelekeza pembeni ili jicho zima lifanye kazi. Mkewe akaniletea loshoro kwenye bakuli, ya moto, maziwa ya mgando na mahindi, akaondoka. Niliishika bila kuila. "Shikamoo, Baba Upendo," nikasema, naye akaitika marahaba, na palepale nikamwambia yote, nikianza na bibi na kumaliza na punda sita.

Aliendelea kuchambua kahawa mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Nimefanya kazi na Wamasai miaka kumi na tano, Nembris. Unafikiri mpaka leo sijui 'msivuke' inasemwaje?"

Nikaliweka bakuli la loshoro sakafuni.

"Nililisikia lile neno," akasema. "Mengine yalinipita, lakini lile nililisikia, na fimbo niliiona. Nikakuuliza wewe, anasemaje. Nilitaka wewe ulitamke. Ungelitamka, ningegeuza, na Mama Glory angekulaumu wewe na yule bibi, siyo mimi. Ulipolificha, nikajiambia, basi labda nimesikia vibaya. Na nilijua sijasikia vibaya."

"Kwa nini hukunisema kwenye kikao?"

"Ningekusema vipi bila kujisema?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Mimi na wewe tumeshalipana hapa, kila mtu na chake. Ila kuna mtu aliuliza mara tatu, na alikuwa na haki ya kujibiwa. Kwake umeshakwenda?"

"Bado."

"Kula loshoro yako inapoa. Halafu uende."

Jumatatu nilimrudishia Mama Glory shati limepigwa pasi, nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, akaniambia ningekaa kimya tu ningefika mbali, na kwamba Baba Upendo hawezi kurudi kwa kuwa jicho moja halitoshi kuendesha wageni. Alikuwa anasema kweli kuhusu jicho. Jumanne nikaenda Njiro, nyumbani kwa Aneth. Mwalimu Sekela alikuwa sebuleni kwenye kochi, mguu umefungwa plasta nyeupe kutoka gotini mpaka vidoleni, umeinuliwa juu ya stuli. Vijiwe vyake vya Lengai vilikuwa vimepangwa dirishani kwa ukubwa. Aneth alikuwa kazini. Nikabaki nimesimama, nikasema kwamba sikutafsiri sawasawa.

"Najua," akasema. "Sema alivyosema yeye. Kimaa kwanza."

Nikasema kwa Kimaa, neno kwa neno, mbuzi na moshi na korongo. Alifumba macho. Nilipomaliza akasema, "Sasa Kiswahili," nikasema kwa Kiswahili. Na nilipofika kwenye "anayevuka leo anavuka peke yake" nilikatiza, akasubiri mpaka niyamalize. Na nakiri nilichokuwa nakisubiri. Nilisubiri aseme kwamba angekwenda tu. Kwamba alikuwa na hamu kiasi kile, hata angeambiwa angevuka.

"Ningegeuka," akasema. Alifumbua macho. "Unataka niseme kwamba ningekwenda. Siwezi kukupa hilo. Ningegeuka palepale. Ningekaa kwenye gari nikautazama mlima kwa mbali, ningefurahi, ningerudi Tukuyu kwa miguu yangu miwili. Ndiyo maana niliuliza."

Nikasema, "Nisamehe, mwalimu."

"Sijui bado," akasema. "Kesho, Jumatano, una kazi?"

Sikuwa na kazi yoyote tena. "Sina."

"Basi njoo Jumatano unifundishe Kimaa. Sitaki tena kusikia kupitia kwa mtu."

Nilidhani anatania. Jumatano nilipofika alikuwa na daftari jipya na kalamu mbili, na jina langu ameliandika juu ya ukurasa kama la mwalimu. Nilikwenda Jumatano tisa. Hakuwa mpole. Nikikosea kueleza alinirudisha nyuma, nikirahisisha alinikamata. "Hilo ni neno zima au umelikata?" alikuwa akiuliza, na nikaanza kuyapima maneno kama nilivyokuwa sijawahi kuyapima. Kazi ninayoifanya sasa, ya kuwatafsiria wagonjwa wanaoshuka kutoka umasaini na hawajui Kiswahili, niliipata miaka mingi baadaye, lakini niliisomea sebuleni mle. Na katika Jumatano zote hizo kuna jambo moja hakuliruhusu. Akitaka kuinuka, alimwita Aneth au msichana wa kazi. Mara moja nilinyoosha mkono, akautazama tu, akaita jina la Aneth kwa sauti, na tukasubiri wote wawili mpaka Aneth alipotoka jikoni akiwa ananuka vitunguu.

Jumatano ya tisa plasta ilishatolewa na basi la Mbeya lilikuwa la kesho yake. Aneth alikuwa amechelewa kazini, msichana alikuwa ametumwa dukani. Tulimaliza somo. Mwalimu alifunga daftari, akatazama nje, jua lilikuwa linawaka kwenye bustani ndogo ya mbele, na akasema anataka kuliota kidogo. Nikasema nitakwenda kumwita msichana dukani. Nilishafika mlangoni.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Wewe si upo?"

Nikarudi. Alishika mkono wangu juu ya kiwiko, akainuka, na akaniwekea uzito wake wote, uzito wa mtu mnene ambaye mguu mmoja bado haumwamini. Nilitembea polepole sana. Kwenye ngazi tatu za kibaraza nilimwambia kila moja kabla hajaikanyaga, hii ni fupi, hii ina ufa upande wa kushoto, hii ni ya mwisho, na kila nilipomwambia, aliweka mguu wake pale nilipomwambia, bila kutazama chini.